Kabla hujairudisha kengele nyuma, pima saa ya mwili wako

Aliyezoea kudamka husifiwa kuwa mchapakazi, na mkeshaji huitwa mvivu hata kama wote wawili wamelala masaa saba yaleyale. Lawama hiyo haina msingi, na inawaumiza watu bure. Tofauti yao iko kwenye saa ya mwili, nayo inapimika kwa kalamu na karatasi. Anayetaka kubadilisha muda wake wa kuamka aanzie hapo, maana bila kujua saa yako inasomaje, dawa inayomfaa mwenzako inaweza kukusukuma wewe upande usioutaka.

Kipimo chenyewe ni hiki. Kwa wiki mbili, andika muda uliopata usingizi (si ule uliopanda kitandani) na muda uliofumbua macho. Siku unazoamka bila kengele ndizo zenye habari. Tuseme siku hizo mtu hulala saa 7 usiku na kuamka saa 3 asubuhi: katikati ya usingizi wake ni saa 11 alfajiri. Siku za kazi hulala saa 6 usiku, kengele ikamtoa kitandani saa 12 asubuhi: katikati ni saa 9 usiku. Pengo ni masaa mawili. Mwili wake unavuka kanda mbili za saa kila mwisho wa wiki na kurudi kila Jumatatu, bila kupanda ndege.

Lakini usisome ile saa 11 kama ilivyo. Sehemu ya usingizi wa siku za mapumziko ni deni linalolipwa. Tafuta wastani wa wiki: siku tano za masaa 6 na siku mbili za masaa 8 ni jumla ya masaa 46, gawanya kwa 7 upate kama 6.6. Siku ya mapumziko imezidi wastani kwa karibu saa moja na dakika 25. Nusu ya ziada hiyo, kama dakika 43, iondoe kwenye saa 11. Inabaki saa 10 na dakika 17 alfajiri, na hiyo ndiyo namba ya kuiamini. Lipo pia dodoso la watafiti Horne na Östberg la mwaka 1976, lenye maswali 19 na alama kuanzia 16 hadi 86, ambapo alama nyingi humaanisha mdamkaji. Ni zuri, ila linauliza unachokipenda. Daftari la usingizi linaonyesha unachokifanya.

Saa yenyewe ni kiini kidogo ndani ya ubongo, chenye seli zipatazo 20,000, kilichokaa juu kidogo ya pale neva za macho zinapokutana na kupishana. Kwa wastani mzunguko wake ni masaa 24 na dakika kama kumi hivi. Dakika hizo ndizo zinazofanya kuchelewa kulala kuwe rahisi kuliko kuwahi: bila kurekebishwa kila siku, saa ya watu wengi huteleza mbele polepole. Kinachoirekebisha ni mwanga unaoingia machoni, hasa wa bluu, wenye mawimbi ya urefu wa karibu nanomita 480. Ndiyo maana vipofu wengi wasioona mwanga kabisa hupata wiki za usingizi mzuri usiku, kisha wiki ambazo usingizi unawajia mchana. Umri nao una sauti: vijana huchelewa zaidi na zaidi hadi karibu miaka 20, kisha saa huanza kurudi nyuma taratibu. Kumshutumu kijana wa miaka 17 kwa kutosinzia saa 3 usiku ni kumshutumu kwa urefu wake.

Sasa tufike penye mtego. Joto la mwili hushuka usiku na kufika chini kabisa masaa mawili hadi matatu kabla ya muda wako wa kawaida wa kuamka. Mwanga mkali ukikupata kabla ya hapo, saa ya mwili inachelewa. Ukikupata baada ya hapo, inawahi. Mchukue mkeshaji anayelala saa 8 usiku na kuamka saa 4 asubuhi. Joto lake liko chini kabisa kati ya saa 1 na saa 2 asubuhi. Anaweka nadhiri, anajikokota saa 11 alfajiri, anawasha taa zote za nyumba. Kwa mwili wake huo bado ni usiku wa manane, na mwanga ule unaichelewesha saa yake zaidi. Baada ya siku nne anazidi kukesha, anajiona hana nia. Nia anayo. Mwanga ndio uliokuja kabla ya wakati wake.

Afanye hivi. Siku tatu za kwanza aamke saa 3:30 asubuhi na kutoka nje papo hapo kwa dakika 30. Kisha saa 3 kamili siku tatu, saa 2:30 siku tatu, na kuendelea hivyo hadi saa 1 asubuhi. Ni hatua sita, siku 18. Ukiruka kwa saa nzima kila siku mwili hautafuatana na kengele, na utakuwa umerudi kwenye mtego uleule. Kama kazi inakulazimisha kuwa barabarani saa 1 tangu leo, vaa miwani ya jua ukiwa abiria (usiivae ukiendesha gari gizani), kisha uivue na usimame nje mara saa 2:30 inapopita. Kila baada ya siku tatu, uvue nusu saa mapema zaidi.

Kwa nini nje? Kwa sababu macho yanatudanganya. Sebule inayoonekana ina mwanga wa kutosha mara nyingi ina luksi (kipimo cha mwanga) 100 hadi 300. Nje, hata mawingu yakiwa yametanda, jua likishapanda utapata maelfu ya luksi, na kwenye jua wazi luksi 100,000. Kukaa dirishani ni bora kuliko kona ya chumba, lakini rudi hatua chache ndani na mwanga unaporomoka. Pale kunakokucha kwa kuchelewa, hutumika taa maalumu ya luksi 10,000 kwa dakika 30. Kosa la kawaida ni umbali: namba iliyoandikwa kwenye boksi ni ya sentimita kama 30, ukiisogeza hadi mwisho wa meza umebaki na sehemu ndogo tu. Iweke pembeni kidogo, usiikodolee macho. Mwenye ugonjwa wa retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) au wa kupanda na kushuka kwa hisia amwone daktari kwanza.

Jioni ina kosa lake, na hili nalikuta kila mahali: "leo nalala mapema." Masaa mawili au matatu kabla ya muda wake wa kawaida wa kulala, mwili huwa macho kuliko wakati mwingi wa mchana. Mtu akijilaza hapo atageuka geuka, atatazama saa, na kitanda kitaanza kuhusishwa na kukosa usingizi. Acha usingizi uje kwa muda wake, ushikilie muda wa kuamka peke yake. Unachoweza kufanya jioni ni kupunguza mwanga masaa mawili kabla ya kulala, kipindi ambacho melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, huanza kupanda: zima taa ya darini, tumia taa ndogo iliyo chini ya usawa wa macho, shusha mwanga wa simu hadi mwisho.

Kahawa nayo ihesabiwe. Nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya kama masaa matano. Miligramu 200 za saa 10 alasiri ni 100 saa 3 usiku, na 50 saa 8 usiku. Mtu anaweza kusinzia nazo, ila usingizi wake unakuwa mwepesi. Ukilazimika kulala mchana, dakika 20, kabla ya saa 9 alasiri.

Kuhusu kengele sitasema mengi. Iweke mbali ukalazimika kusimama, na uipange saa unayokusudia kuamka kweli, kwa sababu vipande vya dakika tisa tisa vya kuiahirisha vinakata usingizi bila kukupumzisha. Mang'amung'amu ya kuamka huchukua dakika 15 hadi saa nzima, na kwa mkeshaji hudumu zaidi. Kwa hiyo asipange kazi ya kuumiza kichwa hapo. Nguo, funguo na mkoba vitayarishwe usiku, wakati akili yake iko kwenye ubora wake, asubuhi abaki na mambo ya mikono na miguu: maji, kuoga, kutembea nje. Siku za mapumziko asichelewe kuamka kwa zaidi ya saa moja, la sivyo kazi ya wiki inayeyuka kwa asubuhi mbili.

Mdamkaji kupita kiasi husahauliwa, na mara nyingi ni mzee. Analala saa 2 usiku, saa 9 usiku macho makavu. Huyo amepata masaa saba, hana uhaba wa usingizi, ana saa iliyowahi mno. Joto lake hufika chini saa 6 hadi saa 7 usiku, hivyo taa ya jikoni anayoiwasha saa 9 inamsukuma kuwahi zaidi kesho. Kwake mambo yanageuzwa: matembezi yawe saa 11 jioni, taa za nyumba ziwake zote hadi saa 3 usiku, muda wa kulala usogezwe mbele dakika 15 kila siku chache. Na njia ya kwenda msalani iwe na kataa kadogo kekundu, karibu na sakafu, kanakotosha kuona pa kukanyaga.