Visu vya Krismasi

Kwetu Marangu, Kilimanjaro, wiki ya Krismasi kila kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, hugeuka machinjio. Waliotawanyika Dar, Arusha na kwingineko wanarudi na magari yao, mbuzi wanapanda bei, na kila nyumba inagundua ghafla kwamba kisu chake ni butu. Baba mkubwa alilijua vizuri soko hilo. Alikuwa dereva maisha yake yote. Alipostaafu akajenga kibanda cha mabati nyuma ya zizi, akaanza kutengeneza visu vya kuchinjia na kuchunia. Hakujiita mhunzi hata siku moja. Wahunzi, alisema, ni wale majirani zetu wa kule Mamba, ambao babu zao waliwafulia Wamasai mikuki. Yeye alikuwa fundi visu, basi.

Desemba 2006, mwaka wa ule mgao wa umeme, bwana mmoja mwenye bucha alileta oda na kutaka visu vyake kabla ya mkesha. Malighafi ilikuwepo: springi za nyuma za Land Rover, zile bapa, zimerundikwa chini ya mgomba. Kilichokosekana ni umeme wa kuzungusha grainda.

"Tutatumia tupa," baba mkubwa akasema.

Tupa haing'ati springi hivi hivi. Ilibidi tuvipashe vile vipande moto hadi vikawa vyekundu, tukavifukia kwenye jivu vilale humo usiku kucha, vipoe polepole. Asubuhi chuma kilikuwa kimelainika. Nikabana kipande kwenye jiliwa, nikaanza kusukuma tupa mbele, kuinua, kurudi, kusukuma. Unga wa chuma uliniingia kwenye kucha ukakaa humo hadi mwaka mpya. Baba mkubwa alipita akiangalia bapa la kisu usawa wa jicho, akigusa kwa kidole gumba palipovimba. "Hapa bado, mwanangu." Neno hilo nililichukia.

Watu wakimtazama fundi hushangilia nyundo, cheche zikiruka. Kwa niliyoyaona mle kibandani, nyundo ni sehemu ndogo tu. Kisu kinakuwa kisu pale kwenye kuzimishwa, yaani kupozwa ghafla kikiwa chekundu, na hapo hakuna cha kushangilia, maana ni sekunde chache tu.

Tulingoja jioni, kwa sababu mchana wekundu wa chuma unadanganya macho. Mimi nilizungusha rimu ya baiskeli iliyoendesha feni ya kupulizia mkaa. Yeye alishika koleo. Kwenye msumari alikuwa ametundika sumaku ya spika ya redio mbovu. Kila mara alitoa kisu motoni na kukigusisha pale: kikinasa, anakirudisha. Chuma kikifika kama nyuzi 770 sumaku hainasi tena, na fundi asiye na kipimajoto anajua amekaribia. Akakiongezea moto kidogo, kisha akakichovya wima, ncha ikitangulia, kwenye kopo refu la mafuta ya alizeti tuliyokuwa tumeyapasha joto kidogo. Maji yangekipasua. Oili chafu ya gari hakuitaka karibu na kisu cha nyama. Moshi ulipanda, kibanda kizima kikanuka maandazi, na mama mkubwa akapiga kelele kutoka jikoni kuuliza nani kachukua mafuta yake.

Akapitisha tupa kwenye makali. Iliteleza bila kukwaruza hata kidogo. Nikadhani tumemaliza.

"Ukikipiga kwenye mfupa sasa hivi kitamegeka," akasema.

Akakisugua kwa msasa hadi kikang'aa, akaweka mgongo wake juu ya pande la chuma lenye moto. Hii ndiyo sehemu niliyoipenda. Rangi zilianza kutambaa kutoka mgongoni: manjano iliyopauka, kahawia, zambarau, buluu. Zambarau ilipoanza kuyasogelea makali, akakitumbukiza kwenye maji. Mgongo ukabaki wa buluu, unaoweza kujipinda bila kuvunjika. Makali yakabaki ya manjano, magumu. Mipini tuliichonga kwa shina la mbuni mzee uliong'olewa kihambani, tukaifunga kwa pini za waya wa shaba.

Mwenye bucha alifika mchana wa tarehe 24, akaanza kununa. Visu vina weusi mgongoni, having'ai kama vya dukani. Baba mkubwa hakujibu. Alimpa kimoja, akamwashiria akijaribu kwenye mkono wake mwenyewe. Yule bwana akakipitisha juu ya ngozi, vinyweleo vikadondoka. Hata hivyo akaomba apunguziwe.

"Bei ni ile ile, Mangi. Ukitaka kinachong'aa, nunua kioo."

Akacheka, akalipa, na kabla hajaondoka akachukua na kile nilichokuwa nimekiweka kando kwa ajili ya mama.