Jinsi nilivyoipanga baiskeli yangu ya milimani ikakubaliana na mwili wangu

Anayeendesha baiskeli Lushoto hujua upesi kama amekaa vibaya, kwa kuwa huku hakuna tambarare ndefu ya kupumzisha viungo: ukitoka mjini kuelekea Magamba unapanda, ukigeuza unateremka, na kila kasoro ya mkao hujitokeza mwilini kabla ya safari kwisha. Baiskeli yangu niliinunua ya mtumba. Ina fremu ya alumini, magurudumu ya inchi 26 na shokapu za mbele, na kimo chake kinanifaa, kwani nikisimama wima katikati yake hubaki nafasi ya vidole vitatu hivi kati yangu na bomba la juu. Jambo hilo ndilo la kwanza kulitazama, kwa sababu fremu isiyokuwa ya kimo chako haitibiki kwa spana.

Maumivu yangu yalikuwa ya aina mbili. Magoti yaliuma upande wa mbele, chini kidogo ya kifuniko cha goti, hasa kwenye miinuko. Viganja navyo vilikufa ganzi, na ganzi hiyo ilikaa kwenye kidole cha pete na kidole cha mwisho, vidole vinavyohudumiwa na mshipa wa fahamu unaopita ukingo wa kiganja, ambao hubanwa mtu anapouegemea usukani. Fundi mmoja aliniambia, "Kaka, hapo dawa ni kuinua usukani tu." Ushauri huo una mantiki yake, lakini niliona ni afadhali kuanza na kiti, kwa sababu kiti ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya uzito, na kikikosea, mikono na magoti hulazimika kufanya kazi isiyo yao.

Kimo cha kiti nilikipata kwa kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukifanya nyumbani. Nilisimama bila viatu nikiwa nimeegemea ukuta, nikabana kitabu chenye jalada gumu katikati ya mapaja kwa nguvu inayolingana na ile ya kukalia kiti, kisha nikapima kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu: sentimita 80. Waendeshaji wengi huzidisha kipimo hicho kwa 0.883, na jibu huwa umbali kutoka katikati ya ekseli ya mikono ya pedali, pale mikono hiyo inapoungana na fremu, hadi juu ya kiti. Kwangu ilitoka sentimita 70.6, ilhali kiti kilikuwa kwenye 66. Tofauti hiyo pekee ilitosha kueleza maumivu ya magoti, maana kiti kikiwa chini sana goti hukunjika kupita kiasi kila pedali inapofika juu, na mzigo wote huelemea upande wa mbele. Sikukipandisha kwa mkupuo mmoja. Nilikiinua kidogo kidogo ili misuli izoee, nikihakikisha kwamba kisigino kikiwekwa juu ya pedali iliyo chini kabisa mguu unanyooka, na kwamba sehemu pana ya unyayo ikikaa mahali pake goti linabaki limekunjika kidogo. Rafiki yangu aliniangalia kwa nyuma nikiendesha. Kiuno kikiyumba kushoto na kulia ni dalili kwamba kiti kimezidi, na mara nyingi maumivu ya nyuma ya goti hufuata. Nilisimama kwenye sentimita 70 kamili. Hesabu ni mwanzo tu, kwani haijui unene wa soli ya kiatu wala urefu wa mkono wa pedali.

Kisha nikaweka pimamaji juu ya kiti, na hapo ndipo nilipoupata ufumbuzi wa ganzi. Pua ya kiti ilikuwa imeinama mbele kiasi cha kuonekana kwa macho. Wengi hufanya hivyo kwa nia njema, ili kupunguza mbano sehemu za siri, lakini mwinamo mkubwa humfanya mtu ateleze kuelekea usukani kila wakati, naye hujizuia kwa mikono bila kujitambua. Nililegeza boliti iliyo chini ya kiti kwa elenki (spana ya pembe sita), nikakisawazisha, nikaacha mwinamo mdogo sana wa mbele kwa ajili ya kupanda. Safari iliyofuata niliweza kuiona tofauti kwenye mabega kabla ya viganja, kwa maana yalishuka na kulegea, na viwiko vikaanza kukunjika vyenyewe kwenye mawe.

Ili kujua kiti kikae mbele au nyuma kiasi gani, nilining'iniza timazi kutoka mbele ya goti, mikono ya pedali ikiwa imelala sambamba na ardhi, na uzi ukapita karibu na ekseli ya pedali. Nakichukua kipimo hiki kuwa mwongozo wa kuanzia tu. Ninachokipinga kabisa ni desturi ya kusukuma kiti mbele ili mtu aufikie usukani, kwa sababu kiti hupangwa kwa ajili ya miguu, na umbali wa usukani una kifaa chake, yaani stemu, kile kipande kinachoushika usukani mbele ya fremu.

Stemu yangu ilikuwa ya milimita 110, kama zilivyokuwa baiskeli nyingi za milimani za zamani, nami nikaweka ya milimita 80 yenye tundu lilelile la usukani, milimita 25.4. Kazi hiyo inahitaji utaratibu. Baada ya kuivalisha, boliti ya kifuniko cha juu hukazwa kwanza, polepole, mpaka mtikisiko wa shokapu uishe ukibana breki ya mbele na kuisukuma baiskeli mbele na nyuma. Usukani hunyooshwa na gurudumu. Ndipo boliti mbili za pembeni hukazwa kwa zamu, bila kuzidisha nguvu. Baiskeli sasa hugeuka kwa wepesi zaidi. Vishikio vya breki nilivielekeza chini kiasi kwamba kiganja, kifundo na kigasha vinyooke mstari mmoja kidole cha shahada kikiwa juu ya breki.

Kimo kizuri cha kupandia hakifai kwa mteremko mkali, ambapo kiti hugonga mapaja na kukuzuia kurudi nyuma. Kwa hiyo juu kabisa ya mlima hufungua klipu ya bomba la kiti na kukishusha, kisha nikirudi kwenye mwinuko hukipandisha hadi kwenye utepe mweusi wa umeme niliouzungushia bomba. Kuna alama nyingine iliyochongwa na kiwanda kwenye bomba hilo, inayoonyesha mwisho wa kulichomoa, na hiyo haivukwi hata kwa milimita moja, maana fremu inaweza kupasuka. Mdogo wangu, ambaye ni mfupi kuliko mimi, ana utepe wake mwekundu juu ya ule mweusi. Stemu hatukuigusa kwa ajili yake, kwani mikono yake inaufikia usukani vizuri.