Swali la Mzee wa Ghorofa ya Chini

Juma hili Zuhura ameolewa, nami nikashuhudia ndoa kwa simu iliyokuwa ikikatika kila shehe alipofungua kinywa, na kibali changu cha kuishi huku Ujerumani kimeongezwa miaka miwili. Lakini ninachokiwaza tangu Jumanne, niwe naoga, niwe namenya vitunguu, ni swali moja tu la Mzee wa ghorofa ya chini.

Mliokuwa nami siku nyingi mnamjua: ndiye yule anayepima mkondo wa umeme unaopita kwenye chaneli moja moja, yaani vijilango vya protini kwenye utando, na asiyeamini lolote litokalo kwenye kompyuta. Nilikuwa nikiwaonyesha wenzangu VDAC1, protini iliyo lango la utando wa nje wa mitokondria, vinu vya nishati vya seli, ambamo ATP, molekuli inayobeba nishati hiyo, hupita kwenda kulisha seli. Umbo lake lilifichuliwa mwaka 2008: pipa lililosukwa kwa tepe 19, na ndani yake helisi fupi, kipande kilichojiviringa kama springi, iliyojibanza ukutani. Volteji ikizidi, iwe chanya au hasi, lango hujibana, na ATP haipiti tena ingawa ayoni ndogo huendelea kupenya. Namna linavyojibana ndiyo kazi inayonikosesha usingizi. Katika uigaji wangu wa kompyuta pipa lilibonyea taratibu hadi likawa kama yai, nami nikasema kwa fahari, "Hapa tunaliona likijifunga."

Mzee akavua miwani. "Umeliona likijifunga, au umelisukuma?"

"Vyote viwili, Profesa," nikajibu, na chumba kizima kikacheka. Sikuwa nimekusudia kuchekesha.

Tangu hapo nimetunga majibu yasiyopungua kumi. Zuri kuliko yote ni la hesabu: kila hatua ya uigaji ni femtosekunde 2, kwa hiyo mikrosekunde 2 ni hatua bilioni moja, na kwa mashine tuliyopewa hizo zilichukua wiki tatu. Kusubiri milisekunde moja tu kungenichukua karibu miaka 29, na lango hili huweza kukaa wazi sekunde nzima kabla ya kujifunga. Asiyesukuma atazeeka akitazama. Hilo ndilo ningemwambia, tena kwa sauti ya upole, huku nikimtazama usoni. Halafu ninakumbuka kwamba kwake milivolti 40 zinatosha, ilhali mimi niliweka 500, na jibu langu zuri linanywea. Wala si mara yangu ya kwanza kuaibika. Nilipoanza nilikuwa muumini wa helisi, nikishikilia kwamba ndiyo mlango wenyewe, hadi niliposoma jaribio la mwaka 2012 ambapo helisi ilifungwa ukutani isiweze kutoka, na lango bado likajifunga.

Alhamisi nilishuka kurudisha ufunguo, nikijiapiza kutozungumza. Mzee alikuwa peke yake mbele ya skrini, akaniashiria kwa kidole nisiguse meza, kwa maana utando wake wa majaribio, uliobeba lango moja, huchanika hata kwa mtikisiko wa kiti. Mstari wa mkondo wa umeme ulikuwa umetulia kwenye pikoampea 160, ukitetemeka kidogo kama uzi uliotundikwa dirishani. Tukasubiri. Akanywa kahawa yake, kikombe kikiwa mkononi muda wote. Ghafla mstari ukaporomoka hadi karibu nusu, ukabaki huko.

"Huyo," akasema. "Protini moja. Nami sijui ni kipi kilichosogea."

Sikuwahi kufikiri kwamba hata yeye ana upande asioweza kuuona. Nilikaa naye karibu saa nzima, mstari ukipanda na kushuka, na kila uliposhuka nilifurahi kama mtoto aliyeona treni. Jana usiku nimeanzisha uigaji mpya kwa volteji ya chini mno kuliko ile, huku macho yangu yakiwa kwa lisini ya 12, asidi amino ya kumi na mbili katika mnyororo wa protini hii, ile ambayo ikibadilishwa lango hupungukiwa na usikivu wake kwa volteji. Huenda nisione kitu kwa miezi. Mzee ameuliza mara mbili kama umeanza kwenda.

Nilipokuwa nikisubiri foleni ya mashine, niliirudia video ya ndoa. Katika picha ya pamoja Baba peke yake ndiye aliyekaa, na wakati wa dua mkono wake wa kushoto haukuinuka. Salma anasema alichoka tu. Nimepiga tangu asubuhi, simu yake haipatikani.