Uzoefu wangu: nilivyopata njia za baiskeli nje ya lami, milima ya Kigoma

Habari zenu wakuu. Watu wananiuliza sana huko milimani napitaga wapi na baiskeli, maana wakiniona naibukia Mwandiga, nje kidogo ya mji wa Kigoma, nimejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope wanadhani nimeshuka na lami ya Manyovu wakati lami yenyewe sikuigusa. Basi leo naandika, ila nianze na jambo ambalo kwangu ndo msingi wa yote: huku kwetu njia ya baiskeli haichaguliwi kwa kilomita, inachaguliwa kwa udongo na kwa msimu. Kilomita ishirini za mgongo wa kilima mwezi wa saba unazimaliza huku unapiga mluzi, hizo hizo bondeni wakati wa masika unaibeba baiskeli begani na viatu umevishika mkononi.

Kwa asiyepajua, Ziwa Tanganyika liko kama mita 773 juu ya usawa wa bahari na vilima vya kuelekea mpaka wa Burundi vinapita 1,500, kwahiyo popote utakapoenda kutokea mjini ni kupanda. Ukipita Bitale ndo unaanza kuisikia miguu, unapanda mpaka Kalinzi, Matyazo, huko kwenye migomba na kahawa, na baridi yake asubuhi ni ya kuvaa koti kabisa. Lami ya Mwandiga kwenda Manyovu ni kama kilomita 60 na ni nzuri sana sikatai, lakini kuna malori, hiace zinakimbia, kona nazo zimefichana, mtu wa baiskeli hana raha pale. Mi nilitaka njia za ndani, za vijijini, zile za changarawe na udongo ambazo unasikia tairi linavyosaga.

Nilianza na simu. Kuna programu inaitwa Organic Maps, inafanya kazi bila bando ukishapakua ramani, na inaonyesha hata vinjia vya miguu. Inasaidia kujua uko wapi, hapo naipa sifa zake, ila haikwambii njia ipi inapitika na ipi imekatwa na korongo mvua ya juzi. Ramani ya kweli nimeipata kwa wabeba ndizi, wale wanaozishusha sokoni kwa baiskeli.

Hawa jamaa nawaheshimu kupita maelezo. Wanashuka na mikungu sita saba imefungwa kwa mpira wa tyubu, fremu imeongezwa nondo ikachomelewa, spoki nene za kuagiza, gia hamna, na breki wengi wao ni kipande cha tairi kuukuu wanakikanyagia kwenye gurudumu la nyuma, kwenye mteremko mkali unasikia harufu ya mpira unaungua kabla hujamuona mtu. Mtu wa namna hiyo hawezi kupita njia mbovu, maana ikimwangusha hasara ni ya siku nzima. Kwahiyo nikawa nakaa nao pale wanapopumzika, nanunua miwa tunatafuna wote, nauliza. Kaka mmoja mtu wa juu huko Kalinzi ndo alinipa ufunguo, akaniambia, "Ukiona njia imeshuka ghafla kutafuta mto achana nayo ndugu yangu, hiyo ni ya mama zetu kuchota maji, njia ya baiskeli inakaa mgongoni."

Tangu hapo nikawa naangalia ile mistari ya mwinuko kwenye ramani natafuta mgongo, nauunganisha kijiji hadi kijiji, halafu nikifika namuuliza mtu mzima yeyote. Shikamoo kwanza, usishuke tu kwenye baiskeli ukaanza kuuliza barabara, huku hiyo haipendezi. Na swali usiulize "hii inafika?" maana watakujibu inafika, kwao yote inafika. Uliza "wabeba ndizi wanapita hii?" Wakikwambia wanapita, twende.

Mgongoni faida yake ni kwamba maji yanashuka pande zote mbili hayakai, mvua ikinyesha usiku saa nne asubuhi kushakauka, na mito huivuki ovyo. Bondeni kila baada ya mwendo mdogo kuna kijito, kuna karavati limezolewa, kuna magogo mawili yamelazwa ndo daraja.

Sasa udongo wenyewe. Juu kule ni mwekundu, na si rangi ya juujuu tu, wataalamu wa miamba wana tabaka zima wameliita kwa jina la Manyovu kwa sababu ya wekundu wake. Kiangazi unakuwa mgumu kama saruji na juu yake kuna kokoto ndogo za duara, hizo kokoto ndo hatari kwenye kona, unateleza hivi hivi pakavu. Ukilowa unanata, unajaa kati ya tairi na uma unaolishika gurudumu mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Dawa yake ni kusubiri jua tu, hata mkungu wa kwanza wa ndizi hautoki kijijini mpaka njia ishike.

Upande wa pili ni kusini, unatokea Simbo kuelekea Ilagala, na huku ndo kuna kitu watu wengi hawakijui, kuna mwamba wa chokaa uliochanganyika na dolomaiti (madini ya jamii ya chokaa), na wenyewe umepewa jina la Ilagala. Mi niliuona kwanza kwa tairi, yaani unaendesha kwenye vilima huko, mlio wa chini unabadilika, vumbi linakuwa jeupe, mawe ya kijivu yenye kingo kali. Nikaokota moja nikalikwangua na msumari mpaka likatoa unga, nikakamulia ndimu juu ya unga, vikatoka vipovu vidogo vidogo taratibu. Hapo ndo nikajua nakanyaga nini. Mawe ya namna hii maji ya mvua yanayala polepole kwa sababu yanabeba hewa ya ukaa na kuwa na tindikali kidogo, ndivyo yalivyochimbika hata mapango ya Amboni kule Tanga. Kwa mwendesha baiskeli maana yake ni mbili. Moja, maji yanapenya kwenye nyufa yanashuka chini, kwahiyo vipande vya kilimani vinapitika hata kipindi cha mvua wakati Kalinzi pamejaa tope. Ya pili, kingo zile zinachana tairi ubavuni, si pancha ya kawaida ya kuziba kwa kiraka na solusheni, ni mpasuko. Ndo maana natembea na kipande cha tairi la zamani nimekikata, nakiweka kwa ndani napampu naondoka. Na jiwe la chokaa likilowa likiwa limesuguliwa na magari usishike breki katikati ya kona, maliza kazi ya breki kabla hujaingia.

Ukishuka karibu na mto Malagarasi mambo yanageuka tena, ni mfinyanzi na mchanga, hapo kiangazi tu. Pantoni pale Ilagala inavusha na baiskeli kwenda Kajeje, ukivuka upepo wa ziwani unakupiga usoni na michikichi imejaa kotekote, mi napapenda mno.

Baiskeli yangu ni ya mtumba, chuma, ya sahani tatu mbele, ndogo ina meno 22. Nyuma ilikuja na friwili (zile gia za gurudumu la nyuma) ambayo kubwa yake ina meno 28, nikatafuta ya meno 14 mpaka 34 na hiyo ndo ilinifungulia kupanda Kalinzi bila kushuka. Tairi ni inchi 26 kwa 2.1. Kuhusu upepo, mzee mmoja fundi pale Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini, aliniambia, "Mwanangu, huku usijaze kama unabeba mkaa, acha tairi lilale kidogo lishike njia." Nikapima, kwa uzito wangu wa kilo sabini hivi paundi 30 mpaka 35 panatosha kwenye udongo, kwenye mawe ya Ilagala naongeza kidogo ili rimu isigonge. Breki zangu ni za kubana rimu, mteremko mrefu nakamata mbele naachia, nyuma naachia, zamu kwa zamu, na nasimama rimu ipoe maana ikichemka sana tyubu inaweza kupasuka.

Maji bebeni ya kutosha upande wa chokaa, juu ya kilima huoni kisima, chemchemi ziko chini. Upande wa Kalinzi hilo halina shida, na chapati na chai zipo kila senta. Ondokeni alfajiri, na mwezi wa sita mpaka wa tisa ndo wakati wake.

Kipande ambacho bado natafuta ni cha kutoka Matyazo kwenda Heru Juu, kule alikotawala Mwami (yaani chifu wa Waha) Theresa Ntare, nataka mgongo mtupu bila kugusa lami ya Kasulu. Nimeshapata nusu yake, nusu iliyobaki kila ninayemuuliza ananishusha mtoni, kwahiyo mtu wa Buhigwe au Kasulu anayewajua wabeba ndizi wa huko anielekeze pa kuwapata.