Mshumaa Usioachwa Peke Yake

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa wa jumuiya.

Neno la wiki hii: "Afadhali jirani aliye karibu kuliko ndugu aliye mbali" (Mithali 27:10).

Mstari huu nimeusikia tangu nikiwa mtoto wa mafundisho ya komunyo ya kwanza, nikadhani naujua. Mwaka jana uliniingia upya nikiwa mbali na nyumbani, nimekaa kwenye benchi la kanisa la Amezketa, kijiji kidogo cha wakulima katika vilima vya nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania.

Binti yangu anasoma Donostia, mji ambao kwa Kihispania huitwa San Sebastián. Nilipokwenda kumtazama, alisema, "Mama, twende kijijini nikuonyeshe watu wanavyowakumbuka marehemu wao." Ilikuwa tarehe 1 Novemba, Sikukuu ya Watakatifu Wote. Tulipanda basi, tukapitia Tolosa, tukaanza kupanda bonde. Mvua ilikuwa ile ya rasharasha isiyokatika, wenyewe wanaiita xirimiri. Juu ya kijiji umesimama mlima Txindoki, meta 1,346, na siku ile kilele chake kilikuwa kimemezwa na ukungu. Kwenye miteremko walikuwa wakilisha kondoo wa latxa, wenye manyoya marefu, ambao maziwa yao hutengenezwa jibini la Idiazabal.

Tulifikia kwa mama mzazi wa rafiki yake binti yangu. Nyumba yao ni baserri, ndivyo Wabaski wanavyoita nyumba ya shamba: kubwa, ya mawe, yenye paa pana. Zamani ng'ombe walilala chini, watu wakalala juu, na majani makavu yakahifadhiwa darini, joto la wanyama likipanda kuwapasha watu. Mimi niliyezaliwa Rombo, ambako bibi yangu alilala nyumba moja na ng'ombe wake, sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Tukapewa maharage meusi ya Tolosa na talo, mkate bapa wa unga wa mahindi unaookwa juu ya bati la chuma. Asili ya mahindi yale ni Amerika, kama yetu. Nilikula nikajisikia nyumbani.

Huko nyumba ina jina, na jina la nyumba ndilo linalombeba mtu. Ukiuliza habari za fulani, utaambiwa ni wa nyumba gani, na koo nyingi za Kibaski zina majina ambayo asili yake ni nyumba. Hata Mtakatifu Fransisko Ksaveri, mzaliwa wa Navarra, jina lake linatokana na maneno ya Kibaski etxe berri, yaani nyumba mpya.

Jioni tulikwenda kanisani. Mbele ya baadhi ya wanawake, sakafuni, kulikuwa na vibao vya mbao vilivyochongwa nakshi, na kila kibao kimezungushiwa mshumaa mwembamba kama kamba ya kiatu, mizunguko mingi, ncha moja tu ikiwaka. Kibao hicho kinaitwa argizaiola. Ndani ya neno lao la nta, argizari, limo neno argi, yaani mwanga.

Asili yake ni hii. Zamani kila nyumba ilikuwa na mahali pake sakafuni mwa kanisa, na wafu wa nyumba hiyo walizikwa hapo chini. Mwaka 1787 mfalme Carlos III aliagiza maziko yafanyike nje ya makanisa. Wafu wakahamia makaburini, lakini wanawake hawakuhama. Mama wa nyumba, wanayemwita etxekoandre, aliendelea kupiga magoti mahali palepale na kuwasha mwanga kwa ajili ya wafu wa nyumba yake. Katika makanisa mengi ya Wabaski desturi hii imekwisha. Amezketa bado inaishi.

Nilimtazama mwenyeji wetu kwa muda mrefu, zaidi pengine kuliko nilivyosikiliza mahubiri, Mungu anisamehe. Mshumaa wa namna ile huwezi kuuwasha ukaondoka. Ukiwaka kidogo, moto unakaribia mizunguko mingine, lazima mkono uukunjue, uinue ncha, usogeze. Baada ya muda mfupi unakunjua tena. Mama yule, mwenye vidole vilivyopinda kwa kazi ya shamba, alifanya hivyo Misa nzima bila haraka. Mwanga wa marehemu wake ulidumu kwa sababu alikuwapo.

Baadaye, jikoni, binti yangu akitafsiri, mama yule alitusimulia mambo aliyoyakuta kwa wazazi wake. Mwenye nyumba akifa, mtu alikwenda kwenye mizinga ya nyuki kuwapa habari. Aliwaambia: "Enyi nyuki wadogo, tengenezeni nta. Bwana wa nyumba amefariki, na kanisani panahitajika mwanga." Padre José Miguel de Barandiaran, mzaliwa wa Ataun katika vilima hivyohivyo, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake marefu, 1889 hadi 1991, kukusanya desturi za namna hii kutoka vinywani mwa wazee, na namshukuru Mungu kwa ajili yake. Kila nyumba ilikuwa na njia yake ya kwenda kanisani, na marehemu alipitishwa njia hiyo, si nyingine.

Tena kulikuwa na jirani wa kwanza. Katika sehemu nyingi za nchi ya Wabaski, nyumba moja ya karibu ilikuwa na wajibu huo, kizazi hadi kizazi, iwe mnapendana au mmenuniana. Kifo kikiingia, huyo ndiye aliyeitwa kwanza. Alikwenda kwa padre, akapeleka habari kwa ndugu, akashughulikia maziko, ili wafiwa walie bila kusumbuka.

Hapo ndipo mstari wa Mithali uliponikamata. Kwa maana mimi, wapendwa, ni mama wa jumuiya. Nashika daftari la michango. Na miezi mitatu kabla ya safari ile, nyumba ya tatu kutoka kwangu, huku Mbezi, mzee mmoja alifariki. Nilisikia siku ya nne. Niliona turubai na viti, nikasema nitakwenda kesho, maana nilikuwa na kazi. Kesho yake nikatuma rambirambi kwa simu, nikapata ujumbe wa kupokelewa, moyo ukatulia. Turubai lilipofunguliwa nilikuwa sijakanyaga pale.

Sisemi kutuma mchango ni vibaya. Msiba una gharama, na aliye mbali afanyeje? Lakini mimi sikuwa mbali. Nilikuwa hatua mia moja.

Yule mwanasheria wa Injili ya Luka alimuuliza Bwana, "Na jirani yangu ni nani?" Kila nikilisoma swali hilo sasa, namwona akitafuta mpaka wa wajibu wake, apate mahali pa kuishia. Na Msamaria wa ule mfano anakaa. Anafunga majeraha, anampandisha yule mtu juu ya mnyama wake, analala naye katika nyumba ya wageni, na fedha anazitoa kesho yake, akiwa tayari amekesha.

Ksaveri niliyemtaja alipita pwani yetu mwaka 1542, akielekea India. Merikebu ilipotia nanga Malindi walimzika pale mwenzao aliyefia safarini, na katika barua yake aliandika kwamba Waislamu wa mji ule waliona vema jinsi Wakristo wanavyozika wafu wao. Nimeifikiria sana habari hiyo. Yule marehemu hakuwa na nyumba wala njia ya kanisa katika mji ule. Walioshuka naye merikebuni ndio waliokuwa jirani zake wa kwanza.

Usiku ule, kabla hatujaondoka, mwenyeji wetu aliniuliza kama nina marehemu nitakaye amwombee kesho yake, Siku ya Marehemu. Nikataja wazazi wangu. Kisha nikasema, "Na jirani yangu."

Akauliza, "Nyumba yake inaitwaje?"

Binti yangu akanitazama. Kwetu Mbezi nyumba hazina majina. Nikasema tulimwita mzee wa geti la bluu.

"Na yeye mwenyewe, jina lake?"

Sikuwa nalo. Miaka tisa tumepishana kwenye barabara ileile ya vumbi, shikamoo, marahaba, na jina lake sikuwahi kuuliza. Mama yule hakunishangaa wala hakunisuta. Alikichukua kibao chake, akakunjua nta kidogo, akasema maneno mafupi kwa Kibaski. Binti yangu akanitafsiria: atawashiwa hivyo hivyo, Mungu anamjua.

Niliporudi Dar es Salaam sikutuma ujumbe. Siku ya tatu, jioni, nilichukua kilo mbili za unga na chupa ya mafuta, nikaenda kugonga geti la bluu. Mjane alifungua mwenyewe. Nikamwambia, "Mama, pole. Nimechelewa sana." Akanivuta ndani, akaniwekea kiti, akasema tangu watu wa msiba waondoke jioni zimekuwa ndefu. Nikamwomba aniambie jina la mume wake. Akaniambia. Kisha akaniambia jina la baba yake, na kijiji walikotoka, na akaenda kuchukua picha. Tulikaa hadi adhana ya Isha, na tulipoinuka tulisali pamoja, mimi nikilitaja lile jina kwa mara ya kwanza: raha ya milele umpe, ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie.