Chupa ya kijani

Jana huyu wangu wa mwisho kaja na chupa ya maji kaijaza juisi ya kijani ile ya unga, anaitingisha jikoni, nikamnyang'anya. Akaniuliza mama nimekosa nini, nikakosa la kumjibu.

2016 ile. Mashine ya mionzi ya kutibu saratani Uganda nzima ilikuwa moja na ilikuwa imekufa. Saratani ya tezi dume ya Baba ilishafika uti wa mgongo, na mionzi ndiyo ingepigwa pale ipunguze maumivu, tukaambiwa wenye pesa wanaenda Nairobi. Sisi tukarudi nyumbani Bombo na mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, ya kijani, kwenye chupa ya plastiki, bure, na vidonge vya kulainisha choo. Nesi akanielekeza taratibu: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, halafu saa nne usiku unampa mara mbili ili alale mpaka kuche. Usingoje aumwe ndio umpe, alisema.

Mimi nikaificha kabatini. Jirani alishaniambia hiyo ni dawa ya kumalizia watu, mzee akiianza haamki. Nikaendelea na panadol na kitambaa cha maji moto.

Kitandani Baba alikuwa halali tena. Anakaa kwenye kiti cha mbao, mto juu ya meza, paji la uso kwenye mto, mikono imeshika kingo za meza mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Mwanajeshi yule, halii, anahesabu. Sauti ya chini, moja, mbili, tatu, akifika ishirini anaanza upya, na mimi nimesimama mlangoni nasikia. Usiku wa tatu akafika saba akanyamaza. Akasema, "Mwanangu, hakuna kitu chochote?"

Nikaenda kabatini. Nikapima kwa bomba la sindano, mkono unatetemeka, akameza akasema chungu. Baadaye nikamlaza ubavu, mto katikati ya magoti. Usiku ule mvua ilipiga mabati mpaka tukatega ndoo sebuleni, na asubuhi Baba akachungulia nje akaona matope, akaniuliza mvua imenyesha saa ngapi.

Aliishi miezi mitano tena na sikuruka saa hata moja. Zile siku mbili sikuwahi kumwambia.

Mtoto nimemrudishia chupa yake, ila nimemuomba anywee kwenye glasi.