Siku moja maishani mwangu: napima matone ya limau huku Grasse

Saa 1:30 asubuhi. Watu wakisikia nafanya kazi kwenye pafyumu kusini mwa Ufaransa wanadhani niko ufukweni najianika. Sasa Grasse iko mlimani, bahari ya Cannes unaiona kwa mbali kama hamna ukungu, na Januari hii baridi yake ni ya kutetemesha meno. Nimeoga kwa sabuni isiyo na harufu, losheni isiyo na harufu, na kitunguu kibichi sijagusa tangu jana. Ndo sheria ya maabara yetu, ukija unanukia umewaharibia kazi watu wote chumbani.

Saa 2:15. Kazi yangu ni kupima, sio kubuni, niseme mapema maana kuna wanaonitania kwa meseji ati mtunga manukato. Mtunga manukato ni bosi, anakaa na kompyuta yake anaandika fomula, mi ndo nakaa kwenye mizani naigeuza ile fomula kuwa maji ndani ya chupa. Mizani inasoma hadi miligramu na imezungushiwa vioo kwa sababu hata pumzi yako inaichezesha. Foleni ya leo karibu yote ni mteja mmoja, anataka pafyumu ya bei mbaya yenye "asubuhi ya pwani ya Amalfi, limau, chumvi, shuka jeupe juani", Amalfi ya Italia hiyo. Shuka jeupe jamani! Hawa wa pafyumu za limau na machungwa kila mmoja ana shuka lake jeupe.

Saa 3:00. Mafuta mapya ya bergamoti yamefika kutoka Calabria, Italia, hapa ndo pananifurahisha mwaka mzima. Bergamoti ni ndugu wa limau na chungwa, tunda chungu ambalo hukai chini ukalimenya ukala, na sehemu kubwa ya linalotumika duniani inatoka kwenye ukanda mwembamba wa pwani ya Reggio Calabria. Linavunwa kuanzia Novemba hivi. Lile la mwanzo likiwa bado kijani linatoa mafuta ya kijani yenye ukali, la baadaye likishaiva mafuta yanapoa yanakuwa matamu kidogo. Mashine inakwaruza ganda tu, maji yanabeba mafuta, halafu vinazungushwa kwa kasi mpaka vitengane, moto haugusi kitu. Kilo 200 za matunda zinakupa kama kilo moja ya mafuta, basi.

Nimechovya vikaratasi viwili vya kunusia, kimoja haya mapya, kingine ya chupa ya zamani iliyokuwa imebaki robo. Mapya yanapanda puani moja kwa moja, ganda bichi, halafu nyuma kuna kitu cha maua na chai. Ya zamani yamechoka, yana ka harufu ka tapentaini, hewa imeshaingia ikaila ile limonini, kemikali kuu ya maganda ya limau na machungwa. Ndo maana tunayaweka kwenye friji na kila ukifungua chupa unapulizia gesi ya nitrojeni ifukuze hewa kabla hujafunga, na mtu akisahau bosi hupiga kelele mpaka korido nzima inajua.

Kitu kingine wengi hawakijui, mafuta haya ya kawaida ukipaka ukakaa juani yanaweza kukuunguza ngozi ikabaki na mabaka. Ni kemikali iliyomo inaitwa bergapteni. IFRA, wale wanaoweka viwango vya manukato kimataifa, wamebana mafuta ya kawaida yasizidi asilimia 0.4 kwenye kitu kinachobaki kwenye ngozi inayopigwa na jua. Kwa hiyo hii pafyumu ya ufukweni tunaitengeneza kwa bergamoti iliyotolewa bergapteni, maana mteja wa shuka jeupe atajipulizia shingoni aende akalale juani, unafikiri atasoma maelezo?

Saa 5:00. Napima. Vizito na vya unga vinatangulia, miski, ambroksani yenye harufu ya ambari, miti miti, halafu vya limau mwisho kabisa visije vikaruka nikiwa bado nahangaika na vingine. Neroli, mafuta ya maua ya mchungwa, leo napewa kwa tone, na nikikwambia tani nzima ya maua ya mchungwa mchungu inatoa kama kilo moja utaelewa kwa nini nashikilia pipeti, kale ka mrija ka kudondoshea, kwa mikono miwili. Mwenzangu wa meza ya pili ni Mtunisia, anasema Nabeul kila machipuko watu wanakeneka maua hayo nyumbani, maji yake yanaingia mpaka kwenye keki. Siku nzima ananikumbusha hilo, na leo tena.

Saa 6:30. Kula. Haraka.

Saa 8:00 mchana. Bosi anapanga vikaratasi vya ile pafyumu ya Amalfi, cha dakika kumi, cha saa moja, cha toka asubuhi. Cha dakika kumi ni Amalfi kweli, limau limejaa. Cha saa moja limau linaaga. Cha asubuhi, hamna kitu, miski safi, nguo iliyofuliwa, basi ndo shuka lenyewe hilo. Molekuli za limau ni nyepesi, zinaruka, hamna uchawi wa kuzizuia. Farina, yule Mwitaliano wa kolonya ya kwanza, alipoanza kuiuza Köln, Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1700 mambo yalikuwa hayo hayo, na watu walijimwagia tena maisha yakaendelea.

Sasa mteja anataka limau la kukaa mpaka jioni. Lipo, kuna molekuli za maabara zinazonuka limau na hazichoki, nitrili zinaitwa, ila ndo hizo hizo zinazowekwa kwenye sabuni za kusafishia, ukizidisha kidogo tu umemuuzia tajiri sabuni ya vyombo kwenye chupa ya kioo kizito. Mi msimamo wangu uko wazi, limau linalokaa masaa nane sio ganda tena, na dakika kumi nzuri nazipenda kuliko siku nzima ya jiko. Bosi amekubali nusu. Anapunguza miski, anaongeza petigreni, yale mafuta ya majani na vijiti vya mchungwa, iwe daraja kati ya limau na miti.

Saa 9:30. Sampuli za wiki iliyopita zilizokwisha changanywa na alkoholi zinatoka kwenye baridi. Zimepata ukungu, ndo vizuri, ni nta ya maganda imeganda na sasa tunaichuja, usipofanya hivyo chupa ya mteja itachafuka yenyewe kabatini kwake. Zingine nazitupia kwenye oveni ya nyuzi 40 na zingine chini ya taa tuone rangi itageuka vipi.

Saa 11:15. Naosha, naandika lebo, simu inalia. Mdogo wangu.

"Dada, hiyo ya limau mnayotengeneza inakaa siku nzima?"

Nikamwandikia haikai, ndo uzuri wake, beba kichupa kwenye pochi ujipulizie tena mchana.

"Aaah. Basi dada niletee ya udi."